Piano ya Mzevinari

Kwanza nilidhani ni paka juu ya bati.
Saa nane na kitu usiku, Februari, Tbilisi,
barafu imeganda kwenye kamba ya nguo,
na kitu kinapasuka, pa, pa, kimya, pa,
upande wa pili wa ukuta wangu.
Nikaugusa kwa kiganja.
Ulikuwa wa moto kama mgongo wa mtoto mwenye homa.

Ua wetu ni mmoja, milango kumi na minne,
ngazi moja ya mbao inayolia akipita yeyote,
bomba moja, mzabibu mmoja mzee
uliopanda hadi roshani ya tatu bila kubisha hodi.
Tunajua nani kakaanga vitunguu, nani kalia.
Na mimi na Mzevinari hatukuwa tukisemezana,
mwaka wa kumi na moja sasa,
kisa dirisha dogo lililokuwa kati yetu
ambalo marehemu mume wangu alilijengea matofali
siku moja, bila kumuuliza mtu.

Nilitoka na gauni la kulalia, kiatu mguu mmoja.
Nikaliita jina lake.
Ulimi ulikuwa haujalisahau.

Roshani zikawaka taa, moja baada ya moja.
Araksi akashuka na beseni la kuogeshea wajukuu.
Vazha mwokaji alilowesha magunia ya unga bombani,
yakamgandia mikononi,
akayabeba kama mbao hadi mlangoni kwake,
akaingia. Sikuhesabu alikaa humo muda gani.
Alitoka na Mzevinari mgongoni.

Gari la zimamoto likakwama langoni.
Hapo ndipo lilipolala gari bovu la Guram,
ambalo halijawashwa tangu mkewe afariki.
Wanaume wanane, na Araksi,
wakalinyanyua kama jeneza,
wakaliweka kando, taratibu,
Guram akifuata nyuma, kofia mkononi.

Mwenzako akinyolewa, zako tia maji.
Nilitia. Naungama nilitia.
Nyumba yake ikiteketea, mimi na ndoo yangu
tulikuwa tunaumwagia maji ukuta wangu,
na upepo ulipogeuka kuelekea mtoni
nilisema asante kwa sauti,
kisha nikageuka kuona nani kanisikia.

Yeye alikuwa amekaa juu ya kreti la chupa,
koti la Vazha mabegani, uso mweusi kwa masizi.
Ndani, piano yake ilikuwa inakatika nyuzi.
Nusu ya watoto wa ua huu walijifunzia pale,
na wangu pia, kabla ya matofali.
Ting.
"Hiyo ni fa," akasema, bila kunitazama.
Ting.
"Re ya chini. Ilikuwa imelegea tangu vuli."
Nikachuchumaa kando yake.
Tukazisikiliza hadi ya mwisho,
na ya mwisho hakuitaja.

Kulipopambazuka, zimamoto mmoja kijana
aligonga matofali yale kwa kifundo cha kidole:
"Una bahati, mama. Lingekuwa dirisha hapa,
moto ungekuja kwako kabla hujaamka."
Nilitazama chini. Maji ya ndoo yalikuwa yameganda,
na ndani ya barafu, majani makavu ya mzabibu.
Sijui shukrani ya namna hii inapelekwa wapi.
Ugomvi wetu umeniokoa. Nani anaweza kuomba dua hiyo?

Araksi alileta supu ya maharage, Vazha mikate,
mtu wa mlango wa tisa, ambaye hata jina lake silijui,
alileta soksi, jozi sita, zote za kiume.
Mzevinari amelala kitandani kwangu.
Nywele zake zimeupaka mto wangu harufu ya moshi
na sitaufua leo.

Nimekaa chini, nimeegemeza mgongo ukutani.
Unapoa. Bado una vuguvugu.
Nje ngazi inalia, mtu anapanda polepole:
Guram, kofia kichwani,
ameniletea kiatu changu cha pili.